Usiku wa Kampala si chupa

Kila nikirudi kutoka Kampala, swali la kwanza ni lile lile: mlikunywa wapi? Huniuliza vijana wanaotaka majina ya klabu na bei ya bia. Huniuliza pia wazee wangu wa mtaani hapa Mwanza, wakitikisa kichwa, maana kwao mtu mwenye heshima zake akiwa ugenini jua likizama yuko chumbani. Makundi haya mawili yanadhani yanapingana, kumbe yanaamini jambo moja: kwamba usiku wa mji wa watu ni pombe na yanayofuata pombe. Mmoja anaukimbilia, mwingine anaukimbia. Mimi nasema imani yenyewe ni potofu, na inawanyima wasafiri wetu nusu ya kila mji wanaofika.

Mara ya mwisho tulikwenda wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, kwa basi kupitia Bukoba na Mutukula. Kati yetu anayekunywa ni mmoja tu. Jioni ya kwanza njaa ilitupeleka Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, tukasimama mbele ya kijana wa chapati. Alivunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akakatia humo humo kitunguu, nyanya na kabichi, mkononi, bila ubao, akakoroga kwa nguvu, akamwaga kwenye chuma cha moto. Akalaza chapati juu yake, akaigeuza, akaikunja. Wanaiita rolex, na jina hilo halihusu saa ya mkononi: ni maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa, yakalainika midomoni mwa wenyeji. Nyuma yetu wanafunzi walikuwa wakibishana kuhusu mtihani wa kesho yake. Tuliondoka baada ya saa nzima, na kufikia hapo tulikuwa tumeshaalikwa kwenye harusi.

Lakini kilichonifanya niandike makala hii ni toninnyira. Ndivyo Kampala wanavyoyaita masoko ya jioni yanayotandazwa chini, kandokando ya barabara, watu wanapotoka kazini. Ni neno la Kiganda, maana yake ni kama kusema usinikanyagie vyangu. Nyanya, mitumba, viatu, dagaa, vyote viko chini kwenye turubai, na kila rundo lina taa yake. Zamani ilikuwa tadooba, kibatari cha mafuta ya taa, na wengine bado wanacho. Askari wa jiji wamewafukuza wauzaji hawa mara nyingi, nao hurudi. Mwenzetu mmoja alitaka viatu. Mama muuzaji alimtandikia kipande cha boksi akanyage asichafue mguu, akamshika kisigino, akasogeza taa karibu, akamwambia, "Nnyabo, hiki kinakubana, usinunue." Alikataa kuuza. Kisha akatafuta jozi nyingine chini ya rundo, akiwa amepiga magoti, saa tatu ya usiku.

Niambieni uhuni uko wapi hapo. Huyo mama analipa karo kwa saa zile ambazo wazee wangu wanazihukumu, na vijana wangu wanampita kwa pikipiki wakikimbilia klabu yenye taa za rangi ambayo wangeipata Dar es Salaam, Nairobi au popote pale.

Mzee aliyekuwa akichoma gonja, yaani ndizi, karibu na hapo alisikia Kiswahili chetu, akauliza kama tumetoka Tanzania. Tukamwamkia. Akacheka, akasema, "Bakombozi!" Ndivyo walivyowaita askari wetu walioingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda Aprili 1979, Amin akakimbia. Kisha uso ukabadilika. Akatueleza kwamba kwa watu wa rika lake Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Obote aliporudi madarakani, askari walizingira mitaa na kuwasomba watu kwenye malori, na msako ule ukabaki na jina la amri yenyewe: panda gari. Siku hizo, alisema, giza likiingia amekwisha kufunga mlango na kuzima taa, na milio ya risasi ndiyo iliyowabembeleza watoto.

Sasa anachoma ndizi barabarani usiku, na wageni wanaozungumza lugha ile ile wanamlipa na kumshukuru. Nilielewa hapo kwa nini watu wa Kampala wanaupenda usiku wao kiasi kile. Waliwahi kunyang'anywa. Na walinyang'anywa tena, kwa sababu nyingine, katika corona: amri ya kutotoka nje ilianza Machi 2020, na kumbi za starehe hazikufunguliwa hadi 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Anayedhani usiku ni pombe atasema walevi walipumzika. Akamuulize mchoma chapati, mpiga ngoma, dereva wa bodaboda na mama wa viatu walikula nini.

Naijua hoja ya usalama, na siidharau hata kidogo. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka kwenye mgahawa wa Kihabeshi huko Kabalagala na kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Walikufa zaidi ya 70. Walikuwa wamekaa na marafiki, wakitazama mpira. Tangu hapo ukaguzi mlangoni umekuwa jambo la kawaida, na wageni wanaokasirika kupekuliwa mkoba wajue sababu. Simu nayo huporwa na mtu aliyepakiwa kwenye pikipiki kabla hujageuka. Na mwanamke hubeba hofu ambayo mimi mwanamume siibebi. Wenzetu wawili walitwambia hivyo bila kuzunguka. Kwa hiyo tulikubaliana mapema: tunatoka pamoja, tunarudi pamoja, dereva ni mmoja tuliyemjua tangu mchana, na akichoka mmoja wetu tumechoka wote. Hiyo ndiyo maana ya kusafiri na marafiki. Hatari inataka mipango na wenzako unaowaamini. Haijawahi kuwa sababu ya kumwita kila anayetoka usiku mhuni.

Na pombe? Ipo, na ni nyingi, sitaficha. Usiku wa mwisho tulikwenda kusikiliza muziki wa bendi, maana mji huu una Afrigo Band, iliyoanzishwa 1975 na Moses Matovu na wenzake, Amin akiwa bado ikulu, ikapita katika misukosuko yote bila kuvunjika. Mwenzetu alikunywa bia zake mbili. Sisi tulikunywa soda. Hakuna mhudumu aliyetukunjia uso, na ukumbini tulicheza sote, karibu na mume na mke wenye mvi ambao hawakukaa chini wimbo hata mmoja. Ninaye rafiki mwingine aliyekwenda Kampala mwaka huo huo. Alikaa siku nne kwenye baa moja, na nilipomtajia toninnyira alidhani ni jina la mtu.

Ndiyo maana nina ombi kwa wanaotupangia safari, za harusi, za makongamano, za vikundi vya akina mama na za kwaya. Ratiba zenu huishia saa kumi na mbili jioni: makaburi ya Kasubi, jumba la makumbusho, chakula hotelini, kulala. Ongezeni mstari mmoja. Saa mbili hadi saa tano usiku, Wandegeya na toninnyira, kikundi kizima, na mwenyeji wa kuwaongoza. Wekeni na fedha kidogo pembeni za viatu na gonja.