Tusipite Kifaransa Kila Tunapokwenda Kwenye Kiingereza

Jioni moja tulikuwa watano tumezunguka simu moja, nyumbani kwetu Majengo. Mega ni ghali, kwa hiyo tulikuwa tumechanga pesa ili tufungue somo moja la Kiingereza kwenye intaneti. Mwalimu wa kwenye video, anayefundisha kwa Kifaransa, alikuwa anaeleza tofauti kati ya "I eat" na "I am eating". Alichora mshale, akachora duara, akasema moja ni ya mazoea na nyingine ni ya wakati huu huu, kisha akakiri kwamba kwa Kifaransa zote mbili mara nyingi ni "je mange" tu. Tulirudia mara tatu. Rafiki yetu mmoja, anayesoma Kiingereza mwaka wa tatu, alikuwa bado anachanganya.

Mdogo wangu wa kike, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauliza bila kuinua kichwa: "Si ni sawa na 'nakulaka' na 'niko nakula', yaya?"

Tulinyamaza. Somo lilikuwa limekwisha.

Tangu siku ile nimekuwa na wazo ambalo nataka kuliweka mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu. Tunajifunza Kiingereza cha kila siku kwa masomo ya mtandaoni, na tunafanya vizuri. Lakini karibu sote tunapita njia ya Kifaransa, hata pale ambapo Kiswahili tulichokuwa nacho tangu utotoni kingetufikisha mapema zaidi. Tunazunguka mlima mzima kwenda kwa jirani.

Sina haja ya kueleza kirefu kwa nini Goma inataka Kiingereza. Matangazo ya kazi ya mashirika yamebandikwa kila mahali, na mengi yanadai lugha hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, watoto wamekuwa wakisomeshwa kwa Kiingereza tangu Rwanda ilipobadili lugha ya shule, uamuzi uliotolewa mwaka 2008. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako mikutano na nyaraka nyingi ni za Kiingereza. Anayekidharau Kiingereza leo anajifungia mlango.

Wala silaumu masomo ya mtandaoni. Mimi mwenyewe yamenilea. Kipindi cha BBC kiitwacho "6 Minute English" kina watu wawili wanaozungumza kwa dakika sita na kufundisha maneno machache. Mtu anaweza kukisikiliza akiwa anangoja maji kwenye bomba. VOA ilianza mwaka 1959 kusoma habari polepole kwa msamiati wa maneno kama 1,500, na wengi waliotutangulia walifunza masikio yao hapo. Bure, au kwa bei ya mega tu, tunamsikia Mwingereza na Mmarekani ambaye baba zetu hawakumsikia.

Tatizo ni kwamba somo lililotengenezwa kwa ajili ya dunia nzima halijui kwamba wewe unatoka Goma. Na lile lililotengenezwa kwa Kifaransa linadhani wewe ni mtoto wa Lyon. Linakueleza magumu ya mtoto wa Lyon, ambayo mengine si magumu yako, na linayaacha magumu yako bila kuyagusa.

Tuchukue sauti kwanza. Nimeona somo zima la dakika kumi na mbili la kufundisha namna ya kutamka mwanzo wa "think" na mwanzo wa "this": ulimi katikati ya meno, pumzi itoke, tazama kioo. Kiswahili sanifu kina sauti hizo zote mbili: ya kwanza iko katika "thelathini", ya pili katika "dhahabu". Ni kweli kwamba hapa mjini wengi wetu tunasema "selasini" na "zahabu". Lakini mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu kama inavyopasa angeingia katika somo la Kiingereza akiwa na sauti hizo mdomoni. Mwisho wa "sing" ndio mwanzo wa "ng'ombe", basi. Na herufi je? Mwenzetu anasoma "chair" kana kwamba imeandikwa kwa sh, na "job" anaianza kama "jour" ya Wafaransa, wakati mwandiko wa Kiswahili tayari umempa "chai" na "jana". Kosa hilo hakulitoa nyumbani kwao. Ni Kifaransa kilichompa.

Njeo ni hivyo hivyo. Mfaransa anasema "il est arrivé hier", na mwanafunzi wetu anafuata nyayo zake mpaka kwenye "he has arrived yesterday", sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiingereza hapa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini yule yule mwanafunzi, akiongea na mama yake, hachanganyi "alifika jana" na "ashafika". Ya kwanza inasimulia jambo lililopita katika siku yake. Ya pili inatuambia kwamba mtu yupo sasa, mpeni kiti. Hiyo ndiyo "he arrived yesterday" na "he has already arrived". Tofauti anayoitafuta kwenye video anayo kinywani kila siku.

Msamiati nao una mitego. Rafiki yangu aliitwa kwenye usaili wa kazi uliofanywa kwa simu, kwa Kiingereza. Alikuwa amejitayarisha miezi mitatu kwa masomo ya mtandaoni. Akaulizwa uzoefu wake, akajibu kwamba alifanya "a stage" hospitalini na kwamba alifuata "a formation" ya wiki mbili. Aliyekuwa upande wa pili akanyamaza, kisha akauliza alicheza mchezo gani wa kuigiza. Kwa Kiingereza neno lile ni jukwaa, na huko Nairobi "steji" ni mahali matatu zinaposimama. Kazi hakuipata. Sisemi ni kwa sababu ya neno moja, lakini ninajua kwamba baada ya swali lile alipoteza ujasiri na hakuurudisha. Kama angejiuliza kwanza kwa Kiswahili, "nilikuwa najifunza kazi hospitalini", angetafuta njia ya kusema hivyo hivyo kwa Kiingereza, na angeeleweka.

Lazima niwe mkweli pande zote mbili. Kifaransa kinatusaidia sana mahali pengine. Tangu Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kimemeza maelfu ya maneno ya Kifaransa, na ndiyo maana msomi wa Goma husoma gazeti la Kiingereza akashika maana kabla hajaweza kuomba chumvi mezani. Hata "if you came", yenye umbo la wakati uliopita bila maana ya wakati uliopita, inaeleweka upesi kwa anayejua "si tu venais".

Na Kiswahili nacho kinadanganya. Mimi nina miaka 24. Kiswahili na Kifaransa vyote vinaniambia kwamba miaka hiyo "ninayo", nami kwa muda mrefu niliandika "I have 24 years" bila aibu. "Yeye" yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke, ndiyo maana tunasimulia habari za shangazi kwa "he" mpaka msikilizaji anapotea. Irabu zetu ni tano, zote safi. Kiingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, na masikio yetu yanaziona "ship" na "sheep" kuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo penye ugumu wetu halisi wa kusikiliza. Kiswahili kinaheshimu kila silabi: mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyingine hazinyimwi haki yao. Kiingereza kinakazia silabi moja na kuzimeza zile za jirani. Tunaijua "comfortable" kwa macho, silabi nne zilizopangwa vizuri. Mwingereza anatamka tatu, na ya katikati kama anaona haya. Mwanafunzi analalamika kwamba wanaongea upesi. Mara nyingi hawaongei upesi. Yeye ndiye anayengojea silabi ambazo hazitakuja.

Mtu akiujua ugonjwa, dawa hupatikana. Mimi nachukua dakika moja tu ya somo. Nasikiliza mara mbili bila kusoma. Naandika ninachosikia, hata kama ni upuuzi. Kisha natazama maandishi na kupigia mstari kila silabi iliyomezwa. Mwisho narudia kwa sauti pamoja na msemaji, kama kivuli. Dakika moja kwa siku kwa namna hii imenifaa kuliko saa nzima ya kuacha video ipite huku nikitikisa kichwa. Tena inakula mega chache.

Najua walimu wengine watapinga. Watasema Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza, na lugha nyingine zikae nje ya mlango. Naheshimu wazo hilo, na kwa mazungumzo ya darasani lina nguvu. Lakini kichwa hakina mlango. Mwanafunzi anayenyamaza anatafsiri. Swali ni anatafsiri kutoka wapi. Kwa sasa anatafsiri kutoka Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ambayo shule ilimfundisha sarufi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba lugha ya nyumbani nayo ina sarufi.

Wengine watasema "niko nakula" na "nakulaka" si Kiswahili. Watacheka, kama tulivyochekwa wenyeji wa Kivu kila tulipofika Dar es Salaam au Zanzibar. Mimi nasoma lugha za Kiafrika, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba msemo unaotumiwa na mji mzima kwa kanuni moja una sarufi yake. Kanuni hii ni nzuri: kitenzi kisaidizi kwa tendo linaloendelea, kiambishi cha mwishoni kwa mazoea. Tuandike insha zetu kwa Kiswahili sanifu, ndiyo. Lakini tunapotaka kuelewa "I am eating", tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kuna sababu nyingine, na hii inaniuma. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, maji yakakatika, na intaneti ikazimika kwa siku kadhaa. Sikuwa na hamu ya Kiingereza siku zile, nasema kweli. Lakini kukaa chini kwenye koridoo, mbali na madirisha, ni saa ndefu, na mdogo wangu alikuwa anaogopa. Nikachukua daftari langu la masomo. Kurasa nilizonakili kutoka kwenye video, zenye istilahi za Kifaransa na mishale, hazikutusaidia. Hata mimi nilikuwa nimesahau maana yake. Kurasa nilizoandika Kiswahili kando ya Kiingereza ziliongea zenyewe. Yeye alisema "ashafika", mimi nikasema "he has already arrived". Kisha tukabadilishana zamu. Tulifanya hivyo mpaka akalala.

Miezi miwili baadaye, Machi, serikali ya Marekani iliwapa wafanyakazi wa VOA likizo ya lazima, na masomo yale yaliyodumu tangu 1959 yakakoma kuletwa mapya. Uamuzi huo ulitolewa mbali sana na sisi, bila kutufikiria. Somo unaloazimwa linaweza kurudishwa kwa mwenyewe siku yoyote.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Idara ya lugha za Kiafrika na idara ya Kiingereza zikae meza moja. Watengeneze masomo mafupi ya sauti, dakika tano tano, ya kurekodiwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, faili ndogo inayobaki kwenye simu hata mtandao ukikatika. Kila somo lichukue kosa moja ambalo sisi wa Goma tunalifanya kweli, lieleze kwa Kiswahili limetoka wapi, na kumalizia na sentensi kumi za kurudia. Walimu wanayo makosa hayo tayari, katika rundo la karatasi za mitihani wanazosahihisha kila mwaka. Sisi wanafunzi tuyakusanye na kuyapanga, na kazi hiyo ikubaliwe kuwa kazi ya mwisho wa masomo kwa atakayeitaka.

Tunaosoma lugha za Kiafrika huulizwa kila mara tutafanya nini na diploma yetu, kana kwamba tumekwenda chuo kikuu kusomea kitu ambacho hata muuza sambaza anakijua. Huyo muuza sambaza anajua kweli. Anajua tofauti kati ya "nakulaka" na "niko nakula" kuliko mwalimu wa kwenye video. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba anajua, na kwamba nusu ya somo la Kiingereza analolipia mega ameshalimaliza.

Nimeanza na masomo matatu. Sauti ni ya mdogo wangu.