Niuzie Kidonge, Lakini Niulize Kwanza

Ijumaa moja jioni nilipita famasi hapa Dar kununua dawa ya mafua. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo dada mmoja, umri kama wangu au chini kidogo, begi la ofisini begani. Akainama kwenye kaunta, akanong'ona. Muuzaji akamjibu kwa sauti ya kondakta wa daladala: "P2? Zipo!" Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akaguna. Dada wa watu akalipa, akatumbukiza pakiti kwenye begi, akaondoka bila hata kungoja chenji.

Sikushangaa. Wengi wetu tumeshawahi kuwa yule dada, au yule kaka aliyebaki nje kwenye bodaboda akijifanya anaongea na simu. Kilichoniudhi ni kitu kingine. Yule dada alitangazwa mbele ya watu kumi, lakini hakuulizwa swali hata moja. Hakuulizwa ni lini, hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, hakuambiwa afanye nini mwezi ujao ili asirudi tena na wasiwasi ule ule. Aibu alipewa yote. Huduma hakupewa.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu wenzetu wamekuwa wakibishana miaka mingi juu ya jambo hili: je, mfamasia aruhusiwe kumpa mwanamke dawa za kuzuia mimba bila kwanza kwenda kwa daktari? Marekani, ambako kidonge cha kwanza kiliidhinishwa mwaka 1960, kwa miongo mingi ilikuwa lazima uwe na cheti cha daktari. Jimbo la Oregon likapitisha sheria mwaka 2015, na kuanzia 2016 mfamasia akaruhusiwa kutoa vidonge mwenyewe. Mteja anajaza fomu ya maswali, anapimwa presha, anapewa vidonge au anaelekezwa hospitali. California nao wakaanza 2016, na majimbo mengine yakafuata. Julai 2023 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaenda mbali zaidi na kuidhinisha kidonge cha Opill kiuzwe bila cheti kabisa. Kikaingia madukani Machi 2024. Uingereza nao tangu 2021 kuna vidonge vya homoni moja ambavyo mfamasia anakuuzia baada ya mazungumzo mafupi.

Sasa mtu ataniambia: dada, sisi huku tulishafika zamani! Majira unanunua dukani kama panadol, nani anakuuliza cheti?

Ni kweli. Na hapo ndipo penye tatizo letu. Wenzetu walimwondoa daktari wakamweka mfamasia mwenye fomu na kipimo cha presha. Sisi tumemwondoa daktari, na kwenye nafasi yake hatukuweka mtu.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mtoto wa mama mdogo, ambaye mimi namwita mdogo wangu, alitumia vidonge vya majira mwaka mzima. Alikuwa ananunua duka la dawa la mtaani kwao. Kichwa kilikuwa kinamsumbua, akadhani ni kompyuta za kazini. Siku alipokwenda zahanati kwa jambo jingine kabisa, nesi akampima presha: 150 kwa 100. Nesi akamuuliza, "Mama, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa na mtu wa afya ndani ya miezi 12. Vidonge vile vilikuwa vya homoni mbili, na mwenye presha ya namna hiyo hatakiwi kuvitumia. Akahamishiwa kwenye kijiti. Leo yuko salama, lakini mimi bado nikifikiria natetemeka.

Ukimsikia mtu anasimulia habari kama hiyo, haraka haraka utasema: basi wapigwe marufuku, kila mtu aende kwa daktari! Mimi nasema hapana, na nina sababu.

Kwanza, daktari anafanya nini hasa unapomwendea kwa ajili ya vidonge? Anakuuliza maswali na kukupima presha. Basi. Kuanza vidonge hakuhitaji kupimwa maabara wala kukaguliwa nyonga. Maswali yenyewe yanajulikana. Una presha? Unavuta sigara, na umefika miaka 35? Unaumwa kichwa kile kinachoanza na vimulimuli machoni? Umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu? Umewahi kuugua saratani ya matiti? Umejifungua lini? Unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampicin, ambazo hupunguza nguvu ya kidonge? Mfamasia aliyesoma dawa miaka minne chuo kikuu anashindwa kuuliza hayo? Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri vidonge hivi vipatikane bila cheti.

Pili, muda. Hebu tupige hesabu ya P2. Dawa hii inatakiwa imezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya masaa 72. Kondomu imepasuka Ijumaa saa 3 usiku. Kliniki ya uzazi wa mpango inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Mpaka ufike saa 3 asubuhi, tayari umekula masaa 60, hapo hujakaa kwenye benchi wala kumuaga bosi. Famasi iko wazi usiku ule ule. (Na kwa wale wanaoeneza uvumi: P2 haitoi mimba. Inachelewesha yai kutoka. Kama mimba ilishatunga, dawa haifanyi kitu.)

Tatu, tukubali kwamba kliniki zetu, pamoja na kwamba vituo vya serikali vinatoa huduma hii bure, zimezoeleka kuwa ni za akina mama. Binti wa miaka 22 asiye na pete akikaa kwenye lile benchi, anatazamwa kama amepotea njia. Ndiyo maana anakimbilia dukani. Hata umkemee namna gani, ataendelea kwenda dukani.

Kuna wanaosema kurahisisha mambo haya ni kufundisha watoto umalaya. Kwa heshima zote, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Tanzania, asilimia 22 walikwishapata mimba. Hawa hawakusubiri mfamasia apewe ruhusa. Tunachoweza kuchagua ni kama watakutana na mtu mzima mwenye akili kwenye ile kaunta, au watakutana na muuzaji anayepiga kelele.

Na kuna madaktari wenye hoja nzuri zaidi: mwanamke asipokuja kwetu, tutampima lini saratani ya mlango wa kizazi? Nawaelewa. Lakini kumnyima mtu kidonge mpaka apimwe kitu kingine ni kama kumshikia rehani. Mfamasia anaweza kumwambia aende kupima, na kumwonyesha wapi.

Isitoshe, nchi hii imeshawahi kufanya jambo la namna hii na likawezekana. Mnayakumbuka maduka ya dawa baridi? Sheria iliyaruhusu kuuza dawa ndogo ndogo tu, lakini kila mtu alijua yanauza mpaka antibayotiki. Serikali ingeweza kuendelea kufumba macho, au kuendelea kuyafungia. Badala yake, mwaka 2003, ikaanza mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu: wauzaji wakafundishwa, maduka yakakaguliwa, yakapewa kibali cha kuuza dawa kadhaa zilizokuwa zinahitaji cheti. Leo mabango ya DLDM yamejaa nchi nzima. Yaani tulikubali hali halisi, halafu tukaipa utaratibu.

Tufanye vivyo hivyo kwenye majira na P2. Mfamasia apewe ruhusa kamili, na pamoja na ruhusa apewe wajibu kamili. Awepo yeye mwenyewe kazini, siyo cheti chake ukutani. Kila famasi iwe na fomu ya maswali kwa Kiswahili na kipimo cha presha kinachofanya kazi. Iwepo kona moja yenye pazia ambapo mtu anaweza kuongea bila foleni kusikiliza. Anayekuja kununua P2 aulizwe kwa upole kama angependa njia ya kudumu zaidi, na akumbushwe kwamba kidonge hakizuii Ukimwi, kondomu bado ina kazi yake. Na mwenye presha kama ya mdogo wangu aambiwe siku ile ile, siyo baada ya mwaka.

Pazia linauzwa shilingi ngapi Kariakoo? Kipimo cha presha famasi nyingi wanacho tayari, tena wanakiuza.

Wakati tukisubiri wakubwa wakae vikao vyao, dada zangu, nina ombi dogo. Siku ukienda kununua majira, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji, "Nipime presha kwanza." Akikwambia hawapimi, muulize kwa nini. Na wewe kaka uliyebaki kwenye bodaboda, shuka uingie naye.