Usipige fomati kwanza, soma kilichoandikwa

Najua nimekuwa kimya tangu tufunge chuo, na kuna watu walishaanza kuulizana kama nimeacha shule nikachunge. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Nainokanoka, kule juu Ngorongoro karibu na Olmoti, ambako mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka ndani na vidole vinagoma kubonyeza kibodi. Huko ndiko laptopu yangu ilipokataa kuwaka, na huko ndiko nilipopata hasira ya kuandika haya.

Kisa chenyewe. Kabla ya kuondoka kampasi nilidaunilodi kodi ya Linux, toleo la 6.1, megabaiti mia na kitu, nikasema likizo hii lazima nikompaili kiini changu mwenyewe. Kiini ndiyo ile sehemu ya mfumo endeshi inayoongea na vyuma moja kwa moja: diski, kumbukumbu, kibodi. Darasani tumeichora kwenye visanduku mpaka tumechoka, tukajibu mtihani, tukapata alama zetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameijenga. Kwa hiyo sababu yangu ilikuwa ubishi tu, nisiwadanganye.

Nyumbani umeme ni wa sola. Kukompaili kulichukua siku mbili za jua, maana betri ikishuka nazima, kesho naendelea. Uzuri wa amri ya make ni kwamba hairudii kilichokwisha kujengwa, inaanzia ilipoishia. Yeyo alikuwa akipita anatazama ile mistari inakimbia kwenye kioo, akaniuliza hiki chombo kinapika nini muda wote huu. Nikamwambia kinapika ubongo. Hakuniuliza tena.

Siku ya pili jioni nikasakinisha modyuli, nikasakinisha kiini, nikaenda kusaidia kufunga ndama. Niliporudi kulikuwa na mstari unalalamika mahali fulani juu, sikuusoma. Nikaendesha update-grub kwa mkono, menyu ikaonyesha kiini kipya, nikafurahi, nikabutisha upya.

Kioo cheusi. Mstari wa mwisho unasema Kernel panic, na juu yake kidogo: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0).

Wadau, ndani ya diski ile kulikuwa na mradi wangu wa mwaka wa mwisho, na nakala nyingine sikuwa nayo. (Ndiyo, najua. Nitukaneni.) Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia jamaa yangu tunayesoma naye. Sikumaliza hata kusoma ule ujumbe: “Hiyo imekufa mwanangu, piga fomati, weka upya.” Nikampigia wa pili. “Tafuta mtu akupigie Windows.” Watu wawili, wote mwaka wa mwisho kama mimi, wote wanasoma kompyuta, na hakuna aliyeniuliza kioo kimeandika nini!

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumegeuza fomati kuwa panadoli. Mashine ikikohoa, fomati. Ikichelewa kuwaka, fomati. Mwaka jana dada mmoja wa hosteli ya jirani alipeleka laptopu kwa fundi wa mtaani kwa sababu iligoma kuwaka, ikarudi inawaka vizuri kabisa, safi, haina tasnifu yake ndani. Alilia wiki nzima. Tukampa pole. Hakuna aliyesema wazi kwamba na sisi wasomi wa fani tungemfanyia hivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye ule ujumbe, maana ulikuwa unasema kila kitu. Mashine ikiwashwa, GRUB inapakia kiini kwenye kumbukumbu pamoja na kifurushi kidogo kinachoitwa initramfs. Kwa nini kifurushi? Kwa sababu kwenye Debian kama yangu, dereva wa diski na dereva wa mfumo wa mafaili ni modyuli, na modyuli zenyewe zimehifadhiwa ndani ya diski. Ufunguo wa sanduku umefungiwa ndani ya sanduku. Kifurushi kile ndicho kinachobeba ufunguo wa akiba: kiini kinafungua kifurushi, kinachukua dereva, ndipo kinaiona diski, kinapandisha mzizi na kuanzisha programu ya kwanza. Kifurushi kisipokuwepo, kiini kinasimama mlangoni. Zile sifuri mbili zilikuwa zinaniambia kwamba kiini hakikuona diski yoyote inayolingana na ile niliyoitaja. Havikuwa vilio vya diski iliyokufa.

Nikashuka kilimani, nikawasha, kwenye menyu nikaingia Advanced options, nikachagua kiini cha zamani. Kikawaka kama vile hakuna kilichotokea! Kitu cha kwanza nilinakili mradi kwenye flashi, mikono inatetemeka, na si kwa baridi. Halafu nikaangalia /boot. Kiini kipya kipo, initramfs yake haipo. Nikaendesha update-initramfs nikiwa nimekaa nasoma safari hii: hakuna nafasi. Kumbe nilikuwa nimesakinisha modyuli na mizigo yake yote ya kutafutia hitilafu, zikawa nene mno, kifurushi kikavimba kuliko kipande kidogo cha diski nilichokitenga kwa ajili ya /boot. Ndiyo ule mstari uliolalamika wakati mimi nipo na ndama.

Dawa yake ilikuwa kusakinisha modyuli upya kwa kuongeza INSTALL_MOD_STRIP=1, kutengeneza kifurushi upya, na update-grub. Dakika chache. Kiini nilichokijenga siku mbili kilikuwa kizima muda wote, sikukompaili tena hata faili moja. Ningepiga fomati ningepoteza mradi, na siku nikirudia zoezi ningeangukia shimo lile lile.

Kuna watakaosema nani anakompaili kiini siku hizi, kazi zipo kwenye tovuti na malipo ya simu. Kweli, na mimi huko ndiko nitakapotafuta ugali. Lakini kusoma ujumbe wa kosa kuanzia juu, kutenganisha kilichobadilika na kisichobadilika, kubakiza njia ya kurudi kabla hujagusa kitu, hivyo ndivyo vinavyotumika hata seva ya malipo ikianguka usiku wa manane. Na wapo wanaosingizia Kiingereza. Mimi lugha ya nyumbani ni Kimaa, Kiswahili nimekipatia shule ya msingi, Kiingereza ndiyo kilikuja baadaye na viboko. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, na naupenda moyo ule. Ila wale jamaa zangu wawili hawakushindwa na Kiingereza. Hawakutaka kusoma.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wetu wa mifumo endeshi, kama kuna anayepita hapa: punguzeni visanduku. Mtihani wa vitendo uwe mashine iliyokataa kuwaka, mwanafunzi apewe saa mbili na asiruhusiwe kufomati. Tutafeli wengi mwaka wa kwanza, sawa tu. Sisemi fomati ni dhambi. Diski ikiwa inakufa kweli utaibadilisha. Lakini hata hapo unaanza kwa kubutisha kwa flashi na kuokoa mafaili ya mwenyewe.

Ninavyoandika hapa nipo chumbani kampasi, laptopu ni ile ile, kiini ni kile kile. Niliweka jina langu mwishoni mwa toleo wakati wa kukijenga, kwa hiyo nikiandika uname -r jibu linaishia na olmoti. Mwenye mashine iliyogoma aje nayo jioni tuisome pamoja, mradi asije na flashi ya Windows mfukoni. Haya, kipindi cha saa mbili kinaanza na sijanywa hata chai.