MTOTO NA MASOMO: Kushika kwa kichwa si kujua

Wazazi, mara ngapi mtoto anasoma kaye yake usiku, anaishika yote kwa kichwa, halafu mwalimu akigeuza ulizo kidogo, ananyamaza? Akili anayo. Lakini maneno yamelala ndani yake kila moja peke yake.

Mwaka 1972, Joseph Novak na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walianza kuchora maarifa ya watoto kwa maduara na mishale. Fanyeni hivi: juu andika SHABA. Chini andika MALAKITI, lile jiwe la rangi ya majani, na UMEME. Vuta mishale, na juu ya kila mshale tia neno: shaba «inatoka ndani ya» malakiti, shaba «inapitisha» umeme. Kijana, ukikosa neno la kutia pale, haujajua bado.

Mama, hata kama haukusoma Kifaransa, weka kidole juu ya mshale, uliza: «Mwanangu, hivi viwili vinaunganika namna gani?» Akishindwa, usimpige. Umepata mahali alipopotea. Basi murudilie pale pamoja.