Ualimu, sheikh? Na alama zote hizi?

 

Ndugu zangu Waislamu, wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri barazani pa msikiti akiwa na karatasi mkononi. Binti yake amefaulu vyema kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na amepata nafasi ya kusomea shahada ya sayansi pamoja na ualimu katika chuo cha Chukwani, hapa Unguja. Nilinyoosha mkono kumpongeza, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayepongezwa. Akaniambia: "Ualimu, sheikh? Na alama zote hizi?"

Sikumjibu hapo hapo. Swali lile si lake peke yake. Katika nyumba zetu nyingi mpango unajulikana: mtoto mwenye akili sana awe daktari, anayemfuatia awe mhandisi au mwanasheria, na yule aliyekosa kote huko ndiye husemwa, "Basi na aende ualimu." Kisha matokeo ya mitihani yanapotoka tunakuwa wa mwanzo kuuliza waalimu wa siku hizi wana nini.

Tukirejea katika sira ya Mtume (S.A.W.) tunauona mpango wa namna nyingine kabisa. Watu wa Yathrib walipoanza kusilimu, kabla ya Hijra, yeye mwenyewe akiwa bado Makka, aliwapelekea mwalimu, na aliyechaguliwa ni Mus'ab bin Umayr, kijana aliyelelewa katika neema na aliyekuwa miongoni mwa wabora wa vijana wa Makka. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijria, imepokewa kuwa mateka wasiokuwa na mali ya kujikomboa lakini wakajua kuandika walitakiwa wawafundishe watoto wa Ansari, na hiyo ikawa ndiyo fidia yao. Ama ile Suffa, kile kibanda cha kivuli katika msikiti wa Madina ambamo masahaba mafukara walilala, wakala na wakasoma, tukiiita dakhalia ya kwanza ya wanafunzi wa Kiislamu hatutakuwa tumekosea sana.

Nimetaja dakhalia kwa makusudi, kwani chuo cha waalimu ni majengo na vifaa, na vyote hivyo vina historia yake na vina mtu aliyevilipia.

Hapa Zanzibar skuli ya kwanza ya Serikali ilifunguliwa mwaka 1905, zama za Sayyid Ali bin Hamoud. Wazee wetu wengi waliikwepa. Hawakuwa maadui wa elimu, maana chuo cha Kurani kilikuwepo karibu kila mtaa. Walichohofia ni skuli isiyompa Mwenyezi Mungu nafasi, yenye mwalimu wasiyemjua. Mafunzo rasmi ya waalimu yalianza katika miaka ya 1920, na skuli ya kwanza ya Serikali ya wasichana ikafunguliwa mwaka 1927. Hata hivyo, katika mashamba mambo hayakuchangamka mpaka miaka ya 1930 na 1940, pale Kurani na waalimu wa vyuoni walipoingizwa ndani ya skuli. Mzazi alipomwona mwalimu anayemwamini amesimama mlangoni, alimtoa mtoto. Jambo hilo lina maana mpaka leo.

Baadaye chuo cha waalimu kikawa Beit el Ras, kaskazini ya mji. Hapo ndipo Sayyid Said bin Sultan alipoanza kujenga kasri mwaka 1847, naye akafariki mwaka 1856 likiwa halijamalizika. Kasri halikupata mfalme wa kulikaa, lakini eneo lake likapata vijana wa chaki na ubao kizazi baada ya kizazi. (Nikipita pale huwa nasema moyoni kwamba mwisho huo ni bora kuliko ule uliokusudiwa.) Ndicho kilichokuja kuitwa Chuo cha Ualimu Nkrumah, kabla ya kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa upande wa elimu ya dini palikuwepo Muslim Academy, iliyowahi kuongozwa na Sayyid Omar Abdallah, maarufu Mwinyi Baraka, msomi wa Makerere na Oxford ambaye hakuona tabu kukaa na kitabu cha fiqhi asubuhi na cha falsafa jioni. Mwaka 1972 kikafunguliwa Chuo cha Kiislamu.

Katikati ya hayo, tarehe 23 Septemba 1964, elimu ilitangazwa kuwa bila malipo. Watoto wakajaa madarasani wakati ambapo waalimu wengi wenye ujuzi walikuwa wameondoka visiwani. Pengo hilo halikuzibika kwa mwaka mmoja wala kumi, na kwa muda mrefu kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka shahada ya ualimu alilazimika kuvuka bahari, kwenda Dar es Salaam au nchi za mbali zaidi.

Hapo ndipo inapoingia Chukwani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1998 na shirika la Africa Muslims Agency la Kuwait, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Direct Aid. Kilianza kama Chuo Kikuu cha Elimu Zanzibar, na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kwa kumkumbuka mwanzilishi wa shirika hilo. Dkt. Al-Sumait, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa tabibu aliyesoma Baghdad kisha Uingereza na Canada. Angeweza kuishi maisha ya raha kwao Kuwait, lakini sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika vijiji vya Afrika. Alipotunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 1996 kwa kuutumikia Uislamu, fedha zake alizifanya wakfu kwa ajili ya elimu barani humu. Alifariki mwaka 2013, Allah amrehemu.

Lizingatieni hili, ndugu zangu. Daktari wa magonjwa ya matumbo, ambaye kazi yake ni kutibu, alitazama shida za Waislamu wa Afrika akaona kwamba miongoni mwa dawa zake ni kuwasomesha waalimu. Nasi, wenye shida zenyewe, tunaona ualimu ni pa kumpeleka mtoto aliyekosa pengine.

Pengine dharau yetu inatokana na kutojua kazi ya chuo cha waalimu. Wengi hudhani mwenye kujua somo amekwisha kuwa mwalimu. Niruhusuni nijitolee ushahidi mwenyewe. Nilipoanza kusomesha madrasa katika ujana wangu, kitabu cha nahau nilikuwa nacho kifuani. Siku ya kwanza niliwamiminia watoto wa miaka kumi yote niliyoyahifadhi, nikaenda kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Nusu yao walisinzia, na waliobaki walicheka. Fimbo ilikuwa karibu nami kuliko hekima, nikaitumia. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, ndipo nilipofundishwa kuandika andalio la somo, kujua mtoto wa umri gani anachukua kiasi gani, na kuuliza swali kisha nikanyamaza kungoja jibu. Siku hiyo niliwakumbuka wale watoto nikaona haya.

Kwa hiyo chuo cha waalimu hakitimii kwa kumbi za mihadhara tu. Kinahitaji maktaba yenye vitabu vya somo na vitabu vya malezi. Kinahitaji maabara, kwa sababu mwalimu wa kemia ambaye hakuwahi kushika chupa ya tindikali atakuja kuifundisha kemia kama hadithi za kale, na wanafunzi wake watafanya hivyo hivyo. Zaidi ya yote kinahitaji skuli za kukipokea: mwanafunzi apelekwe akasimame mbele ya watoto wa kweli, huku mwalimu mzoefu amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake. Na kwa binti anayetoka Micheweni au Makunduchi, kinahitaji dakhalia ambayo baba yake akiiona atalala usingizi.

Majengo hutolewa mara moja, lakini tindikali huisha, vitabu huchakaa na kompyuta huzeeka upesi kuliko sisi. Mfadhili wa mbali hujenga na kusaidia, kisha naye ana nchi nyingine zinazomngoja. Anayepaswa kuendeleza ni mwenyeji. Wazee wetu wa Unguja na Pemba walilielewa hili vizuri: waliweka wakfu minazi, mikarafuu na nyumba za Mji Mkongwe, na kodi na mazao yake yakahudumia misikiti, visima na vyuo karne nzima baada ya wao kuingia kaburini. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inayotaja amali zisizokatika baada ya mauti imeweka sadaka yenye kuendelea pamoja na elimu yenye kunufaisha. Anayesaidia kumwandaa mwalimu, nionavyo mimi, amezishika zote mbili kwa mkono mmoja.

Lakini tazameni tunavyotoa. Katika msikiti mmoja ninaoufahamu, mchango wa zulia jipya ulitimia kwa Ijumaa mbili, na lile la zamani lilikuwa bado lina miaka yake. Mwaka huo huo ilisomwa barua ya vijana watatu wa ualimu walioomba nauli na malazi ili waende mazoezi ya kufundisha. Watu waliitikia "Inshaallah", barua ikakunjwa, na sijasikia tena habari zake. Nami nilikuwa katika safu ya mbele, sikusimama kuikumbusha.

Sisemi zulia lisinunuliwe. Nasema kamati za misikiti zina uwezo wa kutenga sehemu ndogo kila mwezi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa ualimu, na mwenye duka la kupangisha au mikarafuu michache ana uwezo wa kuandika wakfu wake kwa maabara ya chuo kama babu yake alivyouandika kwa kisima. Na mwenye mtoto hodari, amwache achague ualimu bila ya kumwekea matanga.

Yule mzazi nilikutana naye tena wiki iliyopita. Alikwenda Chukwani yeye na mkewe, wakaona wenyewe, na sehemu ya ada ameshalipa. Sasa ana swali jingine: binti yake akipangiwa mazoezi ya kufundisha Pemba, ambako hawana jamaa hata mmoja, atakaa kwa nani? Nimemwahidi kulifikisha kwenu. Familia ya Wete, Chake Chake au Mkoani yenye chumba na heshima ya kumpokea mwalimu mwanafunzi kwa wiki chache, na impelekee jina imamu wa msikiti wake mapema, kabla ya orodha za mazoezi kutoka.