Siku ya Kuchanga Mnatujua

Sisi watu wa Muyinga tuna neno na wasomi wetu, na leo tunalisema bila kulipunguza. Si neno la mtu mmoja. Ni la muuza ndagala, la dereva wa Probox anayelala kwenye foleni akisubiri mafuta, la fundi cherehani, la mwalimu wa shule ya msingi, la mzee anayeomba dua kila kijana wa mtaa anapoondoka kwenda kusoma. Chuo kikuu tunaambiwa ni mali ya umma. Sasa umma ni nani kama si sisi? Lakini mwaka mzima, mihadhara inapita, maigizo yanapita, wageni wanakuja na kuondoka, na siku tunayokumbukwa ni moja tu, siku ya mahafali. Hata hiyo tunakumbukwa kwa sababu kuna michango.

Tuyaeleze hayo mahafali, maana mnaokaa mstari wa mbele hamwezi kuyaona tunavyoyaona sisi.

Kwanza tarehe yenyewe. Kalenda ya chuo kwetu haina undugu na kalenda ya ukutani. Mfumo mpya wa masomo wa BMD ulipoingia mwaka 2011 tuliambiwa mtoto atapata shahada ya kwanza kwa miaka mitatu, tukashangilia. Kumbe kuna mgomo, kuna somo lisilo na mwalimu, kuna memwari, yaani tasnifu, iliyokaa mezani kwa msimamizi wake toka kiangazi hadi kiangazi. Wengine wetu tumeozesha mabinti na kuzika wazazi, kijana bado anasema amebakiza mtihani mmoja. Kwa hiyo sherehe ya kumaliza mwaka haiji mwisho wa mwaka. Inakuja inapojisikia, na taarifa yake ni simu ya usiku: "Baba, ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Hapo ndipo nyumba inapotikisika. Mbuzi anauzwa kwa bei ya haraka, na mnunuzi naye anajua kwamba ni bei ya haraka. Joho si lako, unalikodi, na ukilichelewesha kulirudisha unalipa tena. Picha unalipa. Kinywaji unachangia. Mama anatafuta imvutano mpya, vazi la sherehe, kwa sababu ile ya zamani ilishaonekana kwenye harusi zote za ukoo. Safari nayo: kama sherehe iko Gitega tunapita Karuzi, kama iko Bujumbura tunapita Ngozi na Kayanza, karibu kilomita 200, na siku mafuta yamekosekana nauli hupangwa na dereva na Mungu wake. Tunafika tumejaa vumbi, tunajifuta viatu kwa majani.

Mlangoni tunapokewa na kijana mwenye tai. "Kadi?" Kadi ni mbili kwa kila mhitimu. Tumetoka Muyinga watu tisa. Basi baba na mama wanaingia, na sisi wengine, yaani shangazi aliyelipa karo ya mwaka wa pili, kaka aliyeacha shule ili mdogo wake asome, jirani aliyetoa mchango wa nauli, tunabaki nje ya ukuta chini ya mikaratusi tukisikiliza spika.

Waliopata bahati ya kuingia wanatusimulia. Mbele kuna makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na meza zenye maji ya chupa, na makochi hayo hubaki matupu hadi saa tano, kwa sababu mheshimiwa yuko njiani. Akifika, hotuba zinaanza. Kila msemaji anaanza upya kuwasalimia wakubwa wale wale kwa vyeo vile vile, kuanzia wa juu hadi wa chini, na ikifika zamu yetu tunatajwa kwa mkato: "wageni wote waalikwa." Lugha ni Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho. Mama anapiga makofi wenzake wakipiga makofi. Alikwenda kwa jambo moja, kusikia jina la binti yake likitajwa kwenye kipaza sauti. Wahitimu wakaambiwa wasimame kitivo kizima, wakatangaziwa shahada zao kwa mkupuo, wakaambiwa waketi. Jina halikutajwa. Mama akamuuliza mumewe, "Tayari?" Akajibiwa, "Tayari."

Baada ya hapo Fanta ya moto moja moja kwetu. Wakubwa wanahamia turubai jingine, na harufu ya brosheti inatufikia bila kadi.

Ngoma je? Zipo, tena zinapigwa vizuri. Ngoma zetu za kifalme ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, na Gishora, pale karibu na Gitega, dunia nzima inakwenda kuziona. Tunajivunia. Lakini tangu amri ya Rais ya Oktoba 2017, ngoma hizo hazipigwi nje ya shughuli rasmi bila kibali cha wizara, shughuli ya kulipwa inatakiwa kutoa franka 500,000 serikalini, na wanawake wamekatazwa kuzipiga. Nani katika sisi ana franka 500,000 za kulipia ngoma kwenye harusi ya mwanawe? Kwa hiyo mahali mtu wa kawaida angeweza kuziona kwa karibu ni kwenye sherehe za namna hii, na kwenye sherehe za namna hii mtu wa kawaida yuko nyuma ya ukuta.

Mtasema tunalalamikia chakula na viti. Sawa, viacheni. Tuje kwenye mihadhara, maana huko ndiko tunakoumia zaidi.

Chuo kina watu wanaojua mambo ambayo sisi tunayahitaji kesho asubuhi. Wako wanaojua mnyauko wa migomba, wanaojua kwa nini udongo wa mlimani unakimbilia bondeni kila masika, wanaojua sheria za forodha ambazo zinatutoa jasho pale mpakani Kobero. Wanazungumza. Tunasikia kwamba kulikuwa na mhadhara, kulikuwa na kongamano, kulikuwa na siku ya utafiti. Tunasikia baada ya wiki moja, kwa kijana aliyerudi nyumbani na begi lenye nembo ya kongamano. Begi zuri. Mamake analibebea maharagwe kwenda sokoni, na hayo ndiyo matokeo ya utafiti yaliyotufikia.

Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, biashara ya mifugo ilisimamishwa. Amri tuliipata haraka sana. Mtu wa kutueleza ugonjwa wenyewe, kwamba unasambazwa na mbu, kwamba unamwingia binadamu kwa damu ya mnyama mgonjwa, kwamba ng'ombe anayetupa mimba si wa kuchinjwa kimyakimya, huyo hatukumwona. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ukaua watu mkoani Kagera, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na sisi tunavuka mpaka huo kila siku ya gulio. Tuliyoyajua tuliyatoa kwenye redio za Tanzania. Hivi kweli nchi yenye chuo kikuu tangu mwaka 1964 haina mtu wa kupanda gari na kuja kusema na watu wa Muyinga kwa saa mbili?

Nasi hatuombi muujiza, kwani majirani wameyafanya hayo zamani. Mwaka 1965 kilianzishwa chuoni Makerere kikundi cha maigizo cha kusafiri, wanafunzi wakapanda gari na kuzunguka miji na vijiji vya Uganda na Kenya wakicheza bure, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Ilikuwa kabla ya lami kufika sehemu nyingi za njia hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakatengeneza maigizo pamoja na wanakijiji juu ya shida za kijiji chenyewe. Na chuoni kwao Dar, Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilipowekwa mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akakikalia wa kwanza, na mwaka uliofuata Wole Soyinka akaletwa kutoa mhadhara. Mshindi wa Nobel, Mnigeria, anasafiri hadi Dar. Mhadhiri wetu kupita Karuzi tu, eti barabara ndefu.

Tusiwaonee wote. Wako vijana wetu ambao wakirudi likizo hukusanyika chini ya mwembe na kucheza kichekesho kuhusu mlevi na mkewe, au kuhusu ukimwi, na watu hujaa hadi juu ya ukuta. Hawana spika wala turubai. Wanavaa kanzu za babu zao. Hapo hakuna anayeomba kadi, hakuna anayelala, na ukimwuliza mtoto wa miaka kumi atakwambia kisa chote tangu mwanzo. Kwa hiyo watazamaji wapo, na wachezaji ni wale wale mlio nao chuoni. Kinachokosekana ni gari tu na mtu mwenye cheo wa kuamua.

Kuna wanaotujibu kwamba lugha ndiyo kikwazo, kwamba sayansi ya mnyauko haisemeki ila kwa Kifaransa. Hilo tunalikataa. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili kimo darasani toka shule ya msingi, na walimu wake wanafunzwa Bujumbura kwa fedha yetu. Tangu UNESCO, mwaka 2021, iipitishe tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumesikia sherehe zake zikipelekwa Zanzibar, Kampala, Mombasa, Kigali. Muyinga, ambako Kiswahili kinanunua na kuuza, kinaozesha na kuzika, kimekaa karne moja na zaidi bila kumwomba mtu ruhusa, siku hiyo inapita kama Jumatatu yoyote. Njooni mseme Kirundi, tutaelewa. Semeni Kiswahili, tutaelewa na kuwauliza maswali. Pengine ni hayo maswali mnayoyakimbia.

Na sasa tumezidi kuwa mbali. Januari 2019 Gitega ilipewa rasmi makao makuu ya kisiasa, tukasema vema, katikati ya nchi si mbali kama Bujumbura kando ya ziwa. Halafu 2025 mikoa 18 ikafanywa mitano na tarafa 119 zikafanywa 42. Muyinga tuliyoizoea kuwa mkoa ikaingizwa Buhumuza pamoja na Ruyigi na Cankuzo, na makao makuu yakapelekwa Cankuzo. Hatuna ugomvi na ndugu zetu wa Cankuzo, mji wao mtulivu na hewa yake nzuri. Ila kila mtu anajua kwamba mgeni hufuata ofisi, na mhadhara hufuata mgeni, na maji ya chupa hufuata mhadhara. Zamani tulikosa tukiwa makao ya mkoa. Tusipokuwa makao ya mkoa tutapata?

Siku za kubeba mawe hatukusahauliwa hata mara moja. Jumamosi asubuhi, kazi za pamoja, maduka yamefungwa, tunachimba msingi wa shule, tunasogeza tofali kwa mkono toka kwa mtu hadi mtu. Shule zilijengwa nchi nzima kwa jasho hilo, na watoto walioingia katika madarasa hayo ndio hao leo wanaovaa majoho. Hakuna aliyetuomba kadi tulipokuwa tunabeba mawe. Wala hakuna aliyehutubia kwa Kifaransa, maana tofali lingemwangukia mtu mguuni.

Basi tunaomba hivi, na tunaomba kwa majina ya vitu ili mtu asiseme hakuelewa. Kwenye mahafali, kila mhitimu atajwe jina lake, hata kama itachukua saa nzima. Fupisheni salamu za vyeo na saa hiyo itapatikana. Spika ziwekwe nje ya ukuta makusudi, na viti pia, kwa wasio na kadi. Kila kitivo kilete Muyinga mhadhara mmoja kwa mwaka, kwa Kirundi au Kiswahili, utangazwe sokoni, msikitini, kanisani na stendi ya magari, si kwenye barua za ofisi. Maigizo ya wanafunzi yakishachezwa chuoni, yaletwe huku kabla wachezaji hawajatawanyika.

Uwanja wa Umuco upo. Jumamosi, kazi za pamoja zikiisha, watu wote wako nje tayari na mikono yao ina udongo. Njooni saa hiyo, viti tutaleta wenyewe.