Msiba wa Mtoto wa Villawood



Wapo wazazi wanaoshangaa kuwa vijana wetu wangali wakimlilia Malcolm Young, mpiga gitaa wa AC/DC aliyefariki mwaka 2017. Makelele ya bendi ile hata sisi yametushinda. Lakini habari ya mtu yule yatuhusu.

Hakuzaliwa hapa. Mwaka 1963 wazazi wake walitoka Glasgow, kwa nauli iliyosaidiwa na serikali ya Australia, wakafikia katika bweni la wahamiaji la Villawood. Miaka hiyo milango ilikuwa ya Wazungu. Baba zetu wasingepokelewa. Bwenini humo kaka yake, George, alikutana na wahamiaji wenzake wakaunda The Easybeats. Mwaka 1973 Malcolm na mdogo wake Angus wakaanzisha bendi yao.

Sisi Villawood twaijua kwa jambo jingine. Tangu 1976 wahamiaji wasio na vibali huzuiliwa pale, na wamo miongoni mwetu waliopanga foleni langoni kumtazama jamaa. Hayo vijana wetu hawasimuliwi.

Malcolm alifia hapa hapa Sydney, tarehe 18 Novemba, wiki chache baada ya George. Siku ya maziko umati ulisimama nje ya Kanisa Kuu la St Mary's, na Angus akatoka amelibeba gitaa la kaka yake.